Kimya cha Dirac kina funzo kwa wahadhiri wetu

Miaka kadhaa iliyopita, nikifundisha pragmatiki katika chuo kikuu kimoja hapa nchini, nilimwinua mwanafunzi wa mwaka wa kwanza nikamwuliza iwapo angeweza kutueleza tofauti baina ya maana ya sentensi na maana aikusudiayo msemaji. Kijana alisimama, akatazama ubao, akanijibu kwamba angeweza. Kisha akaketi. Darasa zima liliangua kicheko. Nami nilipandwa na hasira, maana nilimwona kijana jeuri aliyekusudia kunivunjia heshima mbele ya wenzake. Katika alama za kushiriki darasani nilimwandikia sufuri, na muhula huo sikumwinua tena.

Msomaji mwenye jicho pevu ameshaiona aibu yangu. Mada ya siku hiyo ilikuwa ni hiyo hiyo: kwamba maneno yana maana yake, na msemaji naye ana lake. Nilikuwa nikimfundisha kijana jambo ambalo mimi mwenyewe nilishindwa kulitambua liliposimama mbele yangu. Yeye alilijibu swali nililouliza. Mimi nilitaka ajibu swali ambalo sikuliuliza.

Kijana huyo aliacha masomo kabla ya mwaka wa pili kwisha. Mama yake alipokuja kuchukua stakabadhi zake, ndipo aliponieleza, kwa upole ulionichoma zaidi ya lawama, kwamba mwanawe ana usonji, na kwamba alikuwa amejitahidi miaka yote hiyo ajifunze kukisia watu wanataka nini wanapozungumza. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyasoma maisha ya mtu mmoja aliyefariki zamani, mtu ambaye lau angaliketi katika darasa langu, huenda ningalimwandikia sufuri yeye pia. Leo naomba nikusimulie maisha yake, msomaji mpenzi, hasa wewe uliye mwalimu.

Paul Dirac alizaliwa tarehe 8 Agosti 1902 katika mji wa Bristol, Uingereza. Baba yake, Charles, alikuwa Mswisi aliyefundisha Kifaransa. Mama yake, Florence, aliwahi kufanya kazi katika maktaba ya mji huo. Kama alivyosimulia Dirac mwenyewe baadaye, baba alishika kanuni kwamba mezani mtoto huyu azungumze naye Kifaransa tu, tena Kifaransa kisicho na kosa. Mtoto alipoona hana uwezo wa kueleza ayatakayo kwa lugha hiyo, aliona afadhali anyamaze. Kimya hicho kilimfuata maisha yake yote.

Mimi mwanaisimu siwezi kudai kwamba Kifaransa cha mezani ndicho kilichomfanya Dirac awe jinsi alivyokuwa. Usonji hauletwi na malezi makali, na wataalamu waliwahi kuwaumiza wazazi wengi, hususa akina mama, kwa kuwatupia lawama hiyo. Watu huzaliwa nao. Hata hivyo, kisa hiki kina jambo la kutufaa: mtoto aliyewekewa sharti la kuzungumza kwa namna moja tu, la sivyo asizungumze, alichagua la pili. Vyuoni mwetu tunayo masharti ya namna hiyo, na aghalabu hatuyaoni.

Mwaka 1918 Dirac aliingia Chuo Kikuu cha Bristol kusomea uhandisi wa umeme. Alihitimu mwaka 1921 katika daraja la kwanza, lakini hali ya uchumi baada ya Vita Vikuu vya Kwanza ilikuwa mbaya, na hakupata kazi. Mwaka huo huo Chuo cha Mtakatifu Yohana cha Cambridge kilimtunuku ufadhili wa pauni 70 kwa mwaka. Fedha hizo hazikutosha kumwezesha kuishi Cambridge, na jamaa zake hawakuweza kuliziba pengo. Hadithi ya Dirac ingeweza kuishia hapo, ya mhandisi asiye na kazi, asiyeongea na watu, akizungukazunguka katika barabara za Bristol.

Kilichomwokoa ni walimu wake wa Bristol. Walimkaribisha asome hisabati bila karo, tena wakamruhusu auruke mwaka wa kwanza. Hakuna aliyemtaka kwanza awe mchangamfu, wala aonyeshe kipawa cha uongozi, wala ashiriki michezo. Waliitazama kazi yake, wakamfungulia mlango. Miongoni mwao alikuwamo Peter Fraser, aliyemfundisha jometri, ambaye Dirac alimhesabu kuwa mwalimu bora kupita wote aliopata kufundishwa nao. Mwaka 1923 alihitimu tena katika daraja la kwanza, akapata ufadhili mwingine wa pauni 140 kwa mwaka kutoka idara ya serikali iliyosimamia utafiti wa kisayansi. Akiziunganisha na zile 70, aliweza kuelekea Cambridge.

Huko alitaka kutafiti nadharia ya uhusianifu ya Einstein. Haikuwezekana, akapewa msimamizi mwingine, Ralph Fowler, mtu wa sauti kubwa na mwenye safari nyingi, kinyume kabisa cha mwanafunzi wake. Lakini Fowler alikuwa na sifa moja ambayo ningependa kila msimamizi wa tasnifu awe nayo. Alimjua mwanafunzi wake kwa kazi, si kwa maneno. Mwaka 1925, Mjerumani kijana Werner Heisenberg alipoandika makala yaliyoweka msingi mpya wa fizikia ya vitu vidogo kama atomu, Fowler aliletewa nakala kabla haijachapishwa. Aliituma kwa posta hadi Bristol, ambako Dirac alikuwa likizoni, akamwomba atoe maoni yake.

Mwaka huo ulikuwa mzito kwa kijana huyu. Mapema mwaka 1925 kaka yake Felix alijitoa uhai. Dirac hakuwa mtu wa kulia mbele ya watu wala wa kusimulia msiba wake. Wanaodhani kwamba asiyeonyesha huzuni hana huzuni na waupime msiba huo.

Siku moja ya Jumapili, mwezi wa Oktoba 1925, akiwa katika matembezi yake ya peke yake kama ilivyokuwa desturi yake, ilimjia fikira kwamba jambo moja geni katika makala ya Heisenberg lilifanana na kitu alichowahi kukisoma katika hisabati ya zamani ya mwendo wa vitu. Hakukumbuka kwa ukamilifu kitu hicho, nazo maktaba zilikuwa zimefungwa. Alilala na shaka yake hadi Jumatatu asubuhi, maktaba ilipofunguliwa, akathibitisha. Makala aliyoyaandika kutokana na ugunduzi huo yalichapishwa mwaka huo huo. Mwezi wa Juni 1926 alipata shahada ya uzamifu kwa tasnifu juu ya nadharia hiyo mpya ya kwanta. Alikuwa na umri wa miaka 23.

Yaliyofuata ni historia ya sayansi. Mwaka 1928 alitoa mlinganyo unaoeleza mwendo wa elektroni, ambao hadi leo unaitwa kwa jina lake. Mwaka 1931, kwa nguvu ya hisabati tu, alitabiri kuwapo kwa chembe iliyo pacha wa elektroni lakini yenye chaji kinyume. Mwaka uliofuata, Carl Anderson wa Marekani aliigundua katika maabara. Chembe hiyo, positroni, leo hutumika katika mashine za hospitali za kuchunguza saratani, na mashine hizo zipo hata Nairobi. Mwaka 1932 Dirac alikabidhiwa kiti cha uprofesa wa hisabati ambacho Isaac Newton aliwahi kukikalia. Mwaka 1933, akiwa na miaka 31, alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia pamoja na Erwin Schrödinger. Alitaka kuikataa, maana alichukia kelele za magazeti, hadi Ernest Rutherford alipomwonya kwamba akiikataa magazeti yatapiga kelele zaidi.

Wahenga walinena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Waama, mshindo wa Dirac tumeusikia. Lakini tusisahau kukitazama kimya chenyewe, maana ndicho kinachowahusu walimu.

Wenzake wa Cambridge walimfanyia mzaha kwa kubuni kipimo cha uzungumzaji walichokiita dirac: neno moja kwa saa. Husimuliwa kwamba baada ya mhadhara wake mmoja, msikilizaji alisimama akasema hakuielewa fomula fulani ubaoni. Dirac alinyamaza. Mwenyekiti alipomwomba ajibu, alieleza kwamba hakusikia swali, alisikia taarifa. Wasikilizaji walicheka, wengine wakadhani ni dharau. Mimi niliposoma kisa hicho nilimkumbuka kijana wangu, na sikuweza kucheka.

Wakati mwingine aliombwa na wanafunzi afafanue jambo, akalirudia kwa maneno yale yale. Hakuwa mkaidi. Alikuwa ameyachagua maneno yake kwa uangalifu mkubwa, na hakuona sababu ya kutumia mengine yaliyo duni. Mchumba wake, Margit Wigner, waliyeoana mwaka 1937, alilalamika katika barua zao kwamba maswali yake mengi hayajibiwi. Dirac alichora jedwali: upande mmoja maswali, upande wa pili majibu. Baadhi yetu tutaona ni baridi ya moyo. Mimi naona ni mtu aliyeambiwa waziwazi kasoro yake akaisahihisha kwa bidii yake yote, kwa njia aliyoijua. Ndoa hiyo ilidumu hadi kifo chake mwaka 1984, huko Tallahassee, Florida, ambako alifundisha katika miaka yake ya mwisho. Mwaka 1995 jiwe la kumbukumbu lenye mlinganyo wake liliwekwa katika kanisa la Westminster, London, karibu na kaburi la Newton.

Naomba nieleweke. Dirac hakupimwa wala kuthibitishwa na daktari kuwa na usonji. Makala mashuhuri ya Leo Kanner kuhusu hali hiyo yalitoka mwaka 1943, na ya Hans Asperger mwaka 1944, Dirac akiwa profesa tayari; tena kwa miongo mingi baadaye madaktari waliihesabu kuwa hali ya watoto. Ni Graham Farmelo, mwandishi wa wasifu wake, aliyetoa hoja katika kitabu chake cha mwaka 2009 kwamba tabia za Dirac zinaafikiana na usonji. Wengine wanaweza kuipinga hoja hiyo, na maiti hapimwi. Kwangu mimi jina la hali yake si muhimu kuliko jinsi alivyotendewa. Vyuo viwili vilimpokea jinsi alivyokuwa. Kimoja kilimwondolea karo, na kingine kikampa msimamizi aliyemwandikia barua badala ya kumsubiri aje kupiga gumzo.

Aidha, sisemi kwamba kila mwenye usonji ni Dirac. Huo ni uongo mtamu unaowaumiza wenyewe. Wengi wao ni wanafunzi wa kawaida, wengine wana vipawa, wengine wana shida nyingi. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Ibara ya 54, inampa kila mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na ya kuzifikia taasisi za elimu. Haikuandika kwamba lazima kwanza ashinde Tuzo ya Nobel.

Tatizo letu lina sura yake hapa kwetu. Katika malezi yetu, kijana anayeinamisha macho mbele ya mkubwa husifiwa kwa adabu, na asiyesema mengi huitwa mtulivu. Hivyo mwanafunzi mwenye usonji anaweza kupita shule ya msingi na ya upili akisifiwa. Anapofika chuo kikuu, mambo hugeuka. Ghafla anatakiwa ajadili, aongoze kundi, awasilishe mada mbele ya watu mia, na amtazame mhadhiri usoni. Adabu ya jana inakuwa kosa la leo, na hakuna aliyemwambia kwamba sheria zimebadilika.

Tena Kiswahili chenyewe kimejaa mitego. Tunaulizana habari za asubuhi, na sote tunajibu kwamba ni njema, hata aliyelala na homa. Anayekula humwambia mpita njia karibu, naye mpita njia hujua kwamba adabu ni kushukuru na kuendelea na safari. Anayeketi na kunawa mikono baada ya kukaribishwa hakuvunja kanuni yoyote ya sarufi. Amelichukua neno kwa maana yake. Sisi tulijifunza kanuni hizi bila kufundishwa, kama tulivyojifunza kutembea. Wako ambao ni lazima wafundishwe moja baada ya nyingine, na kila siku wanachoka kwa kazi hiyo tusiyoijua.

Tufanye nini basi? Kwanza, tuulize tunachotaka kuulizwa. Nikitaka maelezo, nisiulize kama mtu anaweza kueleza; niseme eleza. Nikiandika jadili katika karatasi ya mtihani, niseme hoja ngapi, na upande gani au pande zote mbili. Pili, mabadiliko ya ratiba au ya ukumbi tuyatangaze mapema, tena kwa maandishi. Kwa wengi wetu kuhamishwa ukumbi dakika tano kabla ya kipindi ni usumbufu mdogo. Kwa mwenye usonji laweza kuiharibu siku nzima. Tatu, tupime maarifa badala ya ujasiri. Kama lengo la somo si ufasaha wa kuhutubia, kuna ubaya gani mwanafunzi akiiwasilisha mada yake ofisini kwangu, au kwa maandishi?

Nne, tukumbuke kelele na mwanga. Ukumbi wa mitihani wenye watu mamia, viti vikikwaruza sakafu na taa zikimetameta, unaweza kumchosha mtu kabla hajasoma swali la kwanza. Chumba kidogo kilicho kimya si upendeleo, kama miwani isivyokuwa upendeleo kwa asiyeona vizuri. Tano, anapokosea namna ya kusema, tumrekebishe faraghani na kwa maneno ya wazi. Mafumbo na kejeli hayatamfikia. Kitakachomfikia ni kicheko cha darasa. Na mwisho, tusijifanye madaktari wa kumbandika mtu jina. Akituambia siri ya hali yake, ibaki siri. Asipotuambia, hayo yote niliyoyataja yanaweza kufanywa bila kumwuliza.

Najua jibu la wenzangu, maana niliwahi kulitoa mimi mwenyewe. Watasema kwamba wana wanafunzi mia nne katika ukumbi mmoja, mishahara haitoshi, na hawana wakati wa kumbembeleza kila mtu. Ni kweli kwamba tumeelemewa. Lakini swali lililoandikwa kwa uwazi haligharimu senti, nalo linawafaa wote mia nne. Fowler naye alikuwa mtu mwenye shughuli nyingi, na safari zake zilimweka mbali na Cambridge kwa miezi. Alichomtumia Dirac ni bahasha moja.

Mwaka mpya wa masomo unapoanza, vijana wapya huingia kumbini mwetu. Kati yao atakuwamo mmoja, au zaidi, atakayesimama anapoinuliwa, akajibu sawasawa alichoulizwa, kisha akaketi. Wenzake watacheka. Wote watamgeukia mwalimu kuona atafanya nini.

Mimi nimeshaijua kazi yangu siku hiyo. Nitakiri mbele ya darasa kwamba jibu lake ni sahihi na kwamba swali langu ndilo lililokuwa na kasoro, kisha nitaliuliza upya. Laiti ningalifanya hivyo kwa yule wa kwanza. Ile sufuri ingali katika kumbukumbu za chuo, na sahihi iliyo chini yake ni yangu.